Maswali ya Wasomaji: Misa Takatifu na Mwili wa Bwana

Barua nyingi zilizotufikia kwa ajili ya toleo hili zinahusu Ekaristi Takatifu. Nyingine zimeandikwa na watu wanaotaka kujibu hoja za jirani, nyingine na watu wenye uchungu moyoni, na chache zinauliza mambo ya utaratibu tu. Nimezifupisha bila kubadili maana yake. Wasomaji wataona kwamba karibu kila jibu ninalotoa linarudi kwenye imani moja, nayo ni kwamba anayetenda katika Misa, kabla ya padre na kabla ya waamini, ni Kristo mwenyewe. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa zima, ulilisema jambo hilo waziwazi mwaka 1963 katika hati yake juu ya liturujia. Mtu akilishika hilo, magumu mengi hupungua uzito, na asipolishika, hata mambo mepesi ya Misa humwia fumbo lisilo na mlango.

Swali: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Jirani yangu, ambaye ni Mkristo wa dhehebu jingine, ananiambia kwamba Yesu aliposema "Huu ndio mwili wangu" alisema kwa mfano tu, kama alivyosema kwamba yeye ni mlango au mzabibu. Nilikosa la kumjibu. Nimwambie nini?

Jibu: Milele na milele, amina. Mwombe jirani yako msome pamoja sura ya sita ya Injili ya Yohana, polepole, mpaka mwisho. Yesu alipojiita mlango au mzabibu, hakuna msikilizaji aliyekwazika akidhani kwamba anasema habari za mbao au za matawi. Lakini aliposema kwamba chakula atakachotoa ni mwili wake kwa ajili ya uzima wa ulimwengu, wasikilizaji walianza kushindana wao kwa wao, wakiuliza awezaje mtu huyu kuwapa mwili wake waule. Hapo palikuwa mahali pa kufafanua kama maneno yale yalikuwa mfano. Yesu hana kawaida ya kuwaacha watu katika kosa la namna hiyo: aliposema kwamba Lazaro amelala na wanafunzi wakadhani ni usingizi wa kawaida, aliwaambia waziwazi kwamba Lazaro amekufa. Huku Kapernaumu, mji alimosema maneno hayo ya mwili wake, alifanya kinyume chake. Alilikaza neno lake, akasema kwamba mwili wake ni chakula cha kweli na damu yake ni kinywaji cha kweli. Wanafunzi wengi wakasema neno hilo ni gumu, wakarudi nyuma, naye hakuwaita kuwaambia kwamba wamemwelewa vibaya. Aliwageukia wale Thenashara na kuwauliza kama wao nao wanataka kuondoka.

Huenda jirani yako atakuonyesha mstari wa 63, pale Yesu anaposema kwamba roho ndiyo itiayo uzima na mwili haufai kitu. Usiogope mstari huo. Yesu hasemi kwamba mwili wake haufai kitu, kwa maana muda mfupi kabla ya hapo amesema kwamba mwili huo ndio atakaoutoa kwa uzima wa ulimwengu, na kama mwili wake haukufaa kitu, msalaba wenyewe ungekuwa bure. Anachokikataa ni kuyapima maneno yake kwa akili ya kibinadamu isiyoangazwa na Roho.

Kisha msome Mtume Paulo. Yapata miaka 25 tu baada ya Karamu ya Mwisho, aliwaandikia Wakorintho kwamba kikombe tukibarikicho ni ushirika wa damu ya Kristo na mkate tuumegao ni ushirika wa mwili wake, na kwamba anayekula na kunywa isivyostahili anajipatia hatia ya mwili na damu ya Bwana. Hatia hiyo ni nzito mno kwa mtu aliyekosa adabu mbele ya ishara tupu. Mwanzoni mwa karne ya pili, Mtakatifu Ignasi, Askofu wa Antiokia, akiwa safarini kupelekwa Roma kuuawa, aliwaonya Wakristo wa Smirna juu ya watu waliojitenga na Ekaristi kwa sababu hawakukiri kuwa ni mwili wa Mwokozi wetu Yesu Kristo, ule ulioteswa kwa ajili ya dhambi zetu. Na mnamo mwaka 155 Mtakatifu Yustino, alipokuwa akiitetea imani mbele ya watawala wa Kirumi, aliandika kwamba Wakristo hawapokei vitu hivyo kama mkate wa kawaida wala kinywaji cha kawaida. Hao waliishi karibu sana na wakati wa Mitume. Ukizungumza na jirani yako, zungumza naye kwa upole, kwa sababu anampenda Kristo yule yule, na mabishano ya kushindana hayajawahi kumfikisha mtu kwenye altare.

Swali: Ninaamini, lakini akili yangu inauliza. Ikiwa hostia, ule mkate wa Misa, baada ya mageuzo ni Mwili wa Kristo kweli, kwa nini ladha, harufu na rangi vinabaki vile vile? Je, ikipelekwa maabara, wataona nini?

Jibu: Wataona mkate wa ngano, na Kanisa halijawahi kufundisha kwamba wataona kitu kingine. Imani yetu haisemi kwamba kemia ya mkate inabadilika. Inasema kwamba kile kinachokifanya kitu kiwe hicho kilicho, undani wake ambao hauonekani kwa jicho wala kwa darubini, kimegeuzwa chote, ule wa mkate kuwa Mwili wa Kristo na ule wa divai kuwa Damu yake, wakati maumbo yote yanayofikiwa na milango ya fahamu yakibaki. Mtaguso wa Nne wa Laterano ulilitaja jambo hili mwaka 1215, na Mtaguso wa Trento ukalieleza kwa kirefu tarehe 11 Oktoba 1551. Mtakatifu Thomas wa Akwino, aliyeishi kati ya mitaguso hiyo miwili, alifundisha kwamba uwepo wa Mwili wa Kristo katika sakramenti hii haugunduliki kwa fahamu bali kwa imani peke yake, imani inayoegemea mamlaka ya Mungu anayesema.

Naomba tusiliharakishe jambo hili, maana hapa watu hupotea kwa njia mbili zinazopingana. Wengine hufikiri kama wale wa Kapernaumu, kwamba tunakula kipande cha nyama kilichofichwa. Kristo aliyemo katika Ekaristi ni Kristo mfufuka, ambaye hafi tena na ambaye hagawanyiki. Yumo mzima, kwa mwili wake, damu yake, roho yake na umungu wake, katika hostia nzima na katika kila sehemu yake, na padre anapoimega hostia anayamega maumbo, hammegi Kristo. Wengine huenda upande wa pili na kusema kwamba kinachobadilika ni maana tu, yaani mkate umepewa kazi mpya ya kutukumbusha upendo wa Yesu. Papa Paulo VI aliwajibu wenye mawazo hayo katika waraka wake wa tarehe 3 Septemba 1965. Alikubali kwamba mkate na divai hupata maana mpya na lengo jipya, lakini akaongeza kwamba hupata hayo kwa sababu vina uhalisi mpya. Kristo yupo pia katika Neno lake, katika kusanyiko linalosali na katika maskini, na uwepo huo ni wa kweli. Ule wa Ekaristi unapita namna zote kwa sababu yumo mzima, Mungu na mtu, na unadumu muda wote maumbo ya mkate na divai yanapodumu.

Niongeze neno moja kwa wale wanaotafuta kwa bidii habari za hostia zilizotoa damu. Kanisa huzichunguza habari hizo kwa uangalifu na halimlazimishi mtu kuziamini. Anayehitaji damu ionekane ndipo apige goti bado hajalipokea neno la Bwana alilolisema mezani, na neno hilo linatosha.

Swali: Waraka kwa Waebrania unasema kwamba Kristo alijitoa mara moja tu. Kwa nini basi sisi Wakatoliki tunaita Misa kuwa ni sadaka? Je, tunamsulubisha upya kila siku?

Jibu: Hapana, na padre yeyote atakayefundisha hivyo atakuwa anafundisha kinyume cha Kanisa lake. Sadaka ni moja, ile ya Kalvari, na haihitaji kuongezewa kitu. Misa milioni moja haziufanyi msalaba kuwa na thamani zaidi ya ule uliosimama nje ya Yerusalemu. Mtaguso wa Trento, katika mafundisho yake ya tarehe 17 Septemba 1562, ulisema kwamba anayetolewa ni yule yule, na anayejitoa sasa kwa huduma ya mapadre ni yule yule aliyejitoa msalabani, na kwamba tofauti ni katika namna ya kutoa tu: kule kwa kumwaga damu, hapa bila kumwaga damu.

Lakini inawezekanaje sadaka ya wakati ule iwepo hapa leo? Nakuomba uitazame Alhamisi ile jioni. Yesu yuko mezani, bado hajakamatwa, wala hakuna msumari uliomgusa. Hata hivyo anawapa wanafunzi wake mwili "unaotolewa" na damu ya agano "inayomwagika". Msalaba wa Ijumaa anauweka mikononi mwao siku ya Alhamisi, na kwa tendo hilo kifo chake kinakuwa zawadi aliyoitoa kwa hiari kabla hakijawa uovu aliotendewa na watu. Ikiwa aliweza kuwashirikisha Mitume sadaka ambayo kwa saa za binadamu ilikuwa bado haijatokea, kwa nini ashindwe kutushirikisha sisi sadaka ambayo kwa saa hizo hizo imekwisha kupita? Aliposema "fanyeni hivi kwa ukumbusho wangu", alikuwa anasema na watu waliolelewa na Pasaka. Katika Pasaka, kila mzazi aliagizwa na Kitabu cha Kutoka amwambie mwanawe kwamba anafanya hivyo kwa sababu ya yale Bwana aliyomtendea yeye alipotoka Misri, hata kama alizaliwa vizazi vingi baada ya Musa. Mlo ule uliwaingiza watoto katika ukombozi wa baba zao. Ekaristi inafanya zaidi ya hapo, kwa sababu aliyeitenda kazi ya wokovu yu hai na ndiye anayeisimamia meza.

Waraka kwa Waebrania wenyewe, ukisomwa wote, unatusaidia kuliona jambo hilo. Unasema kwamba Kristo anao ukuhani usioondoka, kwamba yu hai sikuzote ili atuombee, na kwamba aliingia mbinguni kwenyewe ili aonekane sasa mbele za Mungu kwa ajili yetu. Kitabu cha Ufunuo kinamwonyesha Mwana-Kondoo akiwa amesimama, hai, naye ana alama za kuchinjwa. Kujitoa kwa Yesu kwa Baba, kulikotimia mara moja msalabani, hakukuzimika kaburini, na Misa inaliunganisha Kanisa na kujitoa huko. Ndiyo maana padre, afikapo kwenye maneno ya mageuzo, hasemi "huu ndio mwili wake". Anasema "mwili wangu", kwa maana wakati ule sauti na mikono ni ya padre na tendo ni la Kristo. Na ndiyo maana Misa huadhimishwa pia kwa ajili ya marehemu, kwani sadaka hiyo ilitolewa kwa ajili ya wote.

Sasa liko jambo ambalo kwa maoni yangu halifundishwi vya kutosha. Kabla ya Sala ya Ekaristi padre anawaalika watu akisema, "Salini, ndugu, ili sadaka yangu na yenu ikubalike". Yenu pia. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Kanisa, ile inayoiita sadaka ya Ekaristi chemchemi na kilele cha maisha yote ya Kikristo, unafundisha kwamba waamini wanamtolea Mungu sadaka hiyo ya kimungu na kujitoa wenyewe pamoja nayo. Mwamini aliyeketi nyuma kabisa hakuja kuangalia jambo linalofanywa na mtu mwingine. Kazi yake ya juma zima, ugonjwa alio nao, deni linalomnyima usingizi, mtoto anayemlilia Mungu kwa ajili yake, vyote vinawekwa pale pamoja na mkate na divai, navyo vinapelekwa kwa Baba ndani ya kujitoa kwa Mwana. Anayefika wakati watu wanapanga mstari wa Komunyo, akaondoka baada ya kupokea, amekula mezani pa Bwana bila kupanda naye Kalvari.

Swali: Yesu alisema "kunyweni nyote". Mbona mara nyingi sisi waamini tunapewa hostia tu? Je, hatupungukiwi?

Jibu: Hampungukiwi na Kristo. Kwa kuwa yumo mzima chini ya kila umbo, anayepokea hostia peke yake anapokea pia Damu yake, na anayepokea kutoka katika kalisi, yaani kikombe cha Misa, peke yake anapokea pia Mwili wake. Hayo ndiyo mafundisho ya Trento. Kilichopungua ni ukamilifu wa ishara, maana karamu huonekana wazi zaidi kwa kula na kunywa, na kwa sababu hiyo baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano nafasi za waamini kupokea kwa maumbo yote mawili ziliongezwa, kadiri askofu anavyopanga. Idadi ya watu na hatari ya kumwaga ndizo sababu za kawaida za kutofanya hivyo kila Jumapili.

Swali: Padre, nimeishi na mume wangu miaka mingi na tuna watoto, lakini ndoa yetu haijafungwa kanisani. Kila Jumapili wenzangu wanaposimama kwenda kukomunika mimi nabaki kwenye benchi na machozi. Je, kuna faida yoyote mimi kuhudhuria Misa?

Jibu: Mama, faida ipo, na kubwa. Usiache kuja. Yale niliyoyasema juu ya sadaka yanakuhusu wewe pia. Unalisikia Neno la Mungu, unasali pamoja na Kanisa, unaweka maisha yako na ya watoto wako juu ya altare, na hakuna anayeweza kukuondolea hayo. Maneno tunayoyasema kabla ya Komunyo, "Bwana, sistahili uingie kwangu, lakini sema neno tu na roho yangu itapona", anayasema padre, anayasema mtawa, unayasema wewe. Hakuna hata mmoja wetu anayesimama pale kwa haki yake.

Kanisa halikuzuii kwa sababu linakuona mbaya kuliko wengine. Mtume Paulo aliagiza kwamba mtu ajihoji mwenyewe ndipo aule mkate, na Kanisa linafundisha kwamba mwenye dhambi ya mauti apitie kwanza Sakramenti ya Kitubio. Sheria hiyo inamhusu pia mwenye chuki asiyotaka kuiacha, mla rushwa, na aliyemdhulumu yatima, hata kama wao husimama na kwenda mbele bila mtu kuwatazama. Komunyo inatamka kwa tendo kwamba maisha yangu yamekubaliana na agano la Kristo, na agano la mume na mke waliobatizwa ni alama ya agano hilo hilo. Ndiyo sababu Kanisa linataka mambo hayo mawili yaende pamoja.

Ninachokusihi ni hiki: nenda ukamwone paroko, pamoja na mume wako ikiwezekana. Nasema hivi kwa uzito, kwa sababu watu wengi hukaa miaka wakidhani kwamba mlango umefungwa, na kumbe hakuna aliyewahi kuusukuma. Kama hakuna kizuizi kati yenu, kufunga ndoa kanisani kunaweza kufanyika kwa maandalizi na sherehe ndogo isiyo na gharama. Kama mmoja wenu alikuwa na ndoa ya awali, mahakama ya Kanisa inaweza kuchunguza kama ndoa ile ilikuwa halali, na tangu mwaka 2015 Papa Fransisko alirahisisha taratibu zake. Hata pale ambapo mambo ni magumu zaidi, paroko ana wajibu wa kukusindikiza na kukusaidia kuona hatua unayoweza kuipiga sasa. Wakati huo huo, wenzako wanapokwenda mbele, mwambie Yesu kwa maneno yako mwenyewe kwamba unamtamani. Hiyo ndiyo inayoitwa Komunyo ya tamaa, na watakatifu wengi waliithamini sana.

Na kwa wale ambao hawana kizuizi lakini wanajinyima Komunyo miezi mingi kwa kudhani kwamba ni zawadi ya waliokamilika, niseme kwamba Papa Pius X aliliondoa wazo hilo mwaka 1905. Alitaka mwamini aliye katika neema na mwenye nia njema apokee mara nyingi, hata kila siku. Ekaristi hutuondolea dhambi ndogo na kututia nguvu dhidi ya zile kubwa. Ni chakula cha watu walio njiani.

Swali: Je, kunywa maji au dawa kabla ya Misa kunavunja mfungo wa Ekaristi? Na mtu akihudhuria Misa mbili siku moja anaweza kukomunika mara mbili?

Jibu: Maji na dawa havivunji mfungo. Sheria ya Kanisa inadai mtu ajizuie na chakula na kinywaji kingine kwa muda wa saa moja kabla ya Komunyo yenyewe, siyo kabla ya kuanza kwa Misa. Wazee, wagonjwa na wanaowahudumia hawafungwi na sheria hiyo. Mtu anaweza kupokea mara ya pili siku ile ile, mradi ashiriki Misa hiyo ya pili, na aliye katika hatari ya kufa anaweza kupewa Komunyo hata nje ya Misa ingawa amekwisha kupokea siku hiyo.

Swali: Bwana alisema "Twaeni, mle", hakusema "tazameni". Kwa nini basi tunaiweka hostia katika monstransi, kile chombo cha kuionyeshea, na kuiabudu?

Jibu: Swali lako ni la haki, na lina onyo ndani yake ambalo waamini wanahitaji kulisikia. Ni kweli kwamba Ekaristi iliwekwa ili iliwe. Hata tabernakulo, kisanduku kinachohifadhi Ekaristi kanisani, ina chanzo chake katika kula, kwa maana Wakristo wa kwanza walihifadhi Ekaristi kwa ajili ya wagonjwa na wasiokuwepo. Yustino, niliyemtaja hapo juu, anasimulia jinsi mashemasi walivyowapelekea sehemu yao. Lakini ikiwa Bwana yumo katika hostia inayopelekwa kwa mgonjwa, basi yumo pia inapongoja kupelekwa, na mahali alipo Bwana pana haki ya kuabudiwa. Mtakatifu Augustino alifundisha kwamba hakuna anayeula mwili huo asipouabudu kwanza. Kadiri karne zilivyopita Kanisa liliendelea kuiona kweli hiyo, na mwaka 1264 Papa Urbano IV aliitangaza Sikukuu ya Mwili wa Kristo kwa Kanisa zima.

Kuabudu kunatoka katika Misa na kunaturudisha kwenye Misa. Anayekaa kimya mbele ya Sakramenti Kuu anaendelea kuitafuna kwa moyo zawadi aliyoipokea Jumapili, na anajiandaa kuipokea tena. Kwa hiyo napata shida na mtu anayekimbilia mikesha ya kuabudu kwa kutafuta miujiza, lakini Misa ya Jumapili anaiacha bila sababu. Ameing'ang'ania zawadi na kuiepuka saa inayotolewa.

Swali: Namfahamu mtu anayekomunika kila siku, lakini wafanyakazi wake anawacheleweshea mishahara na kuwatukana. Jambo hili linanikatisha tamaa. Ekaristi inamfanyia nini mtu wa namna hiyo?

Jibu: Paulo aliwahi kulijibu swali kama lako kwa ukali. Kule Korintho wenye mali walikula na kulewa huku maskini wakibaki na njaa katika mkutano ule ule, naye akawaambia kwamba wanachokula si chakula cha Bwana. Maneno yake juu ya kuupokea Mwili wa Bwana isivyostahili, ambayo kwa kawaida tunayasoma tukifikiria dhambi za siri, aliyaandika kwanza kwa sababu ya dharau hiyo kwa maskini. Katika Misa anayoieleza Yustino, wenye uwezo walitoa sadaka, na sadaka hiyo iliwasaidia yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Mtakatifu Yohane Krisostomo aliwahubiria watu wake kwamba haifai kumheshimu Kristo kanisani kwa vitambaa vya hariri na kumwacha nje akitetemeka uchi kwa baridi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki nayo inasema kwamba Ekaristi inatuwajibisha kwa maskini.

Neema ya sakramenti haitegemei utakatifu wa padre, lakini matunda yake ndani ya mtu yanategemea kama moyo wake umefunguka. Mtu huyo anapoambiwa "Mwili wa Kristo" na kuitikia "Amina", anakubali pia wale walio viungo vya mwili huo, na baadhi yao wanamngoja langoni wakidai mshahara. Augustino aliwaambia waliobatizwa karibuni kwamba fumbo lililowekwa juu ya meza ya Bwana ni lao wenyewe, na kwamba wanaitikia Amina kwa kile walicho. Hata hivyo, wewe usimhukumu moyo wake, kwa maana hujui anapambana na nini katika kitubio. Kama una nafasi ya kusema naye, fuata agizo la Bwana: mwendee mkiwa wawili tu, umwambie. Dhuluma yake isikuondoe wewe mezani, wala usinyamaze juu ya haki ya wale wanaodhulumiwa.

Swali: Mtoto wangu yuko katika mafundisho ya Komunyo ya Kwanza, na daktari amemkataza kabisa kula ngano. Je, anaweza kupewa hostia ya mahindi au ya mchele?

Jibu: Hapana, kwa sababu Kanisa halina mamlaka ya kubadili kile ambacho Bwana alikitumia. Mkate wa Ekaristi lazima uwe wa ngano, na divai lazima iwe ya zabibu. Lakini mtoto wako hatakosa Komunyo. Kanisa lilieleza mwaka 2003 kwamba hostia za ngano zilizopunguzwa sana ile protini inayowadhuru wagonjwa wa namna hiyo ni halali, mradi kiasi kinachobaki kinatosha kutengeneza mkate. Mwulize daktari kama kiasi hicho kidogo kinaweza kuvumiliwa na mwili wake. Asipokivumilia, mtoto atapokea kutoka katika kalisi peke yake, na kama nilivyoeleza, atakuwa amempokea Kristo mzima, sawa kabisa na wenzake.

Zungumza na paroko na katekista mapema, siyo asubuhi ya siku yenyewe, ili waandae kalisi ya pekee ambayo haitatiwa kile kipande cha hostia ambacho padre hukichanganya na Damu Takatifu kabla ya Komunyo, na ambayo mtoto atainywea kabla ya mtu mwingine yeyote aliyekwisha kula hostia. Mweleze mtoto naye kwa nini anapokea tofauti, ili asione haya mbele ya wenzake. Papa Pius X, aliporuhusu mwaka 1910 watoto wapokee Komunyo tangu umri wa kutambua, yaani wapatao miaka 7, alitaka waweze kuutofautisha mkate huo na mkate wa kawaida. Mwanao akilijua hilo, na akijua kwamba aliyemo katika kalisi ni Yesu, yuko tayari.